Vyuma Ulivyotundika Juu ya Jiko la Bhoke

Marwa, mura, kijana mwenzangu,

Barua huanza kwa kuulizia hali ya mwenzio. Yako naijua, kwa hiyo hilo tuliruke. Mimi ni mzima, ila nimenuna. Mke wangu anasema nimenuna tangu siku tuliyokuzika, na kwamba watu wa Tarime wanaoniletea baiskeli zao wameanza kuniogopa. Nimemwambia waache waogope. Mtu gani anafumua injini nzima, anaitundika darini, halafu anakufa kwa homa ya siku nne bila kuirudisha?

Sijawahi kumwandikia marehemu. Baba yangu alipofariki nilimsomea dua na moyo ukatulia. Wewe nimekusomea pia, usicheke, Mungu haulizi dini. Lakini yako mambo ambayo siwezi kuyaweka kwenye dua. Nina kosa la kukiri na nina habari ya kukupa. Naanza na kosa, maana habari ni nzuri na sitaki uifurahie kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka siku uliponionyesha ile pikipiki mara ya kwanza? Yule Mzungu wa machimbo ya dhahabu uliyemfanyia kazi alikuwa ameondoka akakuachia. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kiti chenyewe cha kukaa tako moja, tangi jembamba, bomba la moshi limepanda juu badala ya kulala chini. Ukanieleza kwa hasira kwamba ni ya mashindano ya kupanda mawe, kwamba ulikwenda naye Kenya kumuoshea na ukaona kwa macho yako watu wazima wakipanda majabali taratibu kabisa, na anayegusa ardhi kwa mguu anaandikiwa kosa. "Si mbio, Hamisi. Ni kutoshusha mguu." Nikakuambia wazungu wana nafasi sana.

Kisha injini ikafa na pikipiki ikawa kiota cha kuku wenu, miaka na miaka. Tukahamishiwa vijiji vipya, ninyi wa Genkuru mkashushwa kutoka mlimani mkawekwa kando ya barabara, na wewe ghafla ukawafukuza kuku ukaanza kufumua. Sikukuelewa. Petroli ya kibali, mpaka umefungwa, sabuni yenyewe tunaitafuta kwa tochi, na wewe unataka kufufua pikipiki. Nilidhani ni utu uzima unakuingia vibaya. Nilikuambia hivyo, nawe ukaniambia niende zangu nikazibe pancha.

Utaratibu wako niliufahamu vizuri, na ndiyo maana kosa langu halina utetezi. Ulikataa kuweka vyuma kwenye madebe kama mafundi wengine. Ukavitundika jikoni kwa mkeo, kwenye fito za dari juu ya mafiga, katikati ya mahindi ya mbegu. Ulisema kama moshi unazuia wadudu wasile mbegu, utazuia na kutu isile chuma. Kila kipande na waya wake. Kuandika ulijua jina lako tu, kwa hiyo dari ndiyo ilikuwa daftari lako. Kilichotoka kwanza kwenye injini kilikuwa karibu na mlango, kinachofuata kando yake, hivyo hivyo kwa mkono wa kulia hadi kuzunguka jiko lote na kurudi mlangoni. Ulinionyesha kwa kidole mara mbili. "Ukitaka kuirudisha unatembea kinyume. Hata mtoto anaweza."

Hata mtoto anaweza. Mimi mtu mzima nikaharibu.

Siku ya msiba wako ilinyesha mvua ya kukomoa. Wanawake wakajazana jikoni, wengine wamesimama. Mzee mmoja wa ukoo wenu akainuka kutoa pole, kichwa kikagonga gia, akapiga kelele. Mimi nilikuwa sijielewi. Nilikuwa natafuta kazi yoyote ya mikono ili nisilie mbele za watu. Nikachukua koleo na gunia, nikakata waya mmoja baada ya mwingine, nikatia kila kitu ndani. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Nilipokuwa nafunga mdomo wa gunia kwa kamba ndipo nikakiona tena kidole chako kikizunguka dari. Nikakaa palepale kwenye majivu nikalia kwa sauti. Watu wakadhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia, ndiyo, lakini na gunia nalo.

Sikumwambia Bhoke. Mkeo hakuwa akilia. Aliketi kwenye kigoda chake, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake kama ulivyo siku zote tangu alipoanguka kutoka kwenye lori siku ile ya kuhama, goti likaunga vibaya. Watu walikusifu, walisema ulivyotengeneza mashine ya kusaga ya kijiji, walisema ulivyokuwa mcheshi. Yeye alitazama mafiga. Siku ya tatu nikamsikia akimwambia dada yako Wankuru, "Alipenda vyuma kuliko mimi. Mwaka mzima amenitundikia takataka kichwani, na kwa Mwita hakunipeleka hata mara moja."

Hilo lilinichoma, Marwa. Nilikuwepo mwanenu Mwita alipozikwa kule juu kwenye boma lenu la zamani, miaka mitatu tu mtoto wa watu. Baada ya kuhama, wenye miguu walikuwa wanapanda huko kukata ndizi zao na kushuka. Bhoke hakuweza. Vijana walijitolea kumbeba kwa machela, akawatimua, akasema machela ni ya maiti. Akabaki chini miaka minne akitazama kilima. Na sasa alikuwa anakuzika na kinyongo moyoni, na nilijua hakuna mzee atakayekuja kuwakalisha ninyi wawili tena.

Wankuru naye alikuja na mambo yako. Kumbe ulikuwa umemtumia ujumbe akutafutie ringi za pistoni huko Kenya anakoishi. Kwa msiba walimruhusu kuvuka mpaka pale Sirari. Alivuka amezivaa mkononi, ringi tatu katikati ya bangili zake, na askari akampa pole akampisha. Alipomaliza kukulilia akazivua moja moja, taratibu zisivunjike, akaniwekea kiganjani. "Alisema nikupe wewe uzikague," akaniambia. Zilikuwa bado na joto la mkono wake. Nikazikagua kwa sababu ulisema nizikague. Zilikuwa nzima.

Matanga yalipoisha, kaka zako wakataka pikipiki yote wapewe wahunzi wafue majembe, maana majembe nayo hayapo. Nikasema nipeni hadi mavuno, nitaisimamisha. Wakacheka sana. Fundi baiskeli! Lakini wakanipa. Nikalibeba gunia hadi Tarime, na kwa miezi mitatu nikawa namwaga vyuma kwenye mkeka, navitazama, navikusanya. Ninajua nati, ninajua springi, nimetengeneza cherehani za nusu ya mji huu. Lakini injini yako ilinikodolea macho tu. Kuna vipande viwili viliingia mahali palepale kwa namna nne tofauti, na zote nne zilionekana sawa.

Mwishowe nikaona aibu. Si ya kushindwa, ya kunyamaza. Nikafunga gunia kwenye kerea ya baiskeli, nikaenda Genkuru, nikalibwaga jikoni kwa Bhoke. "Shemeji, nimeharibu kazi ya mumeo," nikamwambia, na nikamweleza yote, koleo, waya, yule mzee na gia. Nilisubiri matusi. Yeye akaingiza mkono ndani ya gunia, akatoa springi moja, akainusa.

"Hii ilikuwa juu ya chungu cha maji," akasema.

Nikamuuliza anajuaje.

"Nitaachaje kujua? Nimepika chini yake mwaka mzima. Ilikuwa inanidondoshea mafuta kwenye maji."

Marwa! Daftari lako halikupotea. Lilikuwa limekaa kwenye kigoda likisonga ugali!

Akajisogeza palepale anapokaa siku zote, akachukua mwiko, akaanza kuonyesha dari. "Pale kwenye muhindi mwekundu, kile chenye meno madogo. Kando yake kile kama sikio. Halafu vile viwili vinavyofanana, kimoja kina kovu. Chenye kovu kinakaa nyuma." Mimi nimesimama juu ya kinu natundika, yeye chini ananiamrisha. Nikikosea ananigonga ugoko kwa mwiko. Ilituchukua siku tatu, na siku zote tatu alikuwa anakusema, mara umemchafulia sufuria, mara umemvunjia fito. Jina lako hakulitaja, ulikuwa "yule wa vyuma." Lakini mimi nilifurahi, maana kabla ya hapo hakuwa akikusema hata kwa ubaya.

Basi nikaanza kutembea kinyume kama ulivyonifundisha, kutoka mlangoni hadi mlangoni. Vilivyooza tukavitafutia dawa. Vile vizibo laini vya kwenye klachi vilikuwa vimekuwa unga. Nani ana vizibo vya namna hiyo Mara nzima? Nikafikiri, nikafikiri, nikajikuta mimi Hamisi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, nimesimama mlangoni kwa padri naomba vizibo vya chupa zake za divai ya misa. Padri akanitazama kwa muda. "Umeanza lini, Hamisi?" akaniuliza. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipomweleza akacheka hadi akatoa machozi, akanipa mfuko mzima. Bhoke akavichemsha mara tatu kwenye kopo kuukuu, mara ya tatu kwa ajili ya roho yangu tu, nikavichonga kwa wembe nikavishindilia kwenye matundu yake. Habari ilifika msikitini kabla yangu. Hadi leo mzee mmoja akinipita hunusa hewa.

Tairi la nyuma lilipasuka ubavu. Fundi wa katambuga akanishonea kipande cha tairi la lori kwa ndani, kwa uzi ule ule anaoshonea viatu. Mnyororo niliuunga kutoka mifupa ya minyororo mitatu. Ringi za Wankuru ziliingia zikakaa kama zilizaliwa humo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka kukugombeza.

Injini ilifunga. Kila kitu kikapata mahali pake, isipokuwa vyuma viwili. Vilikuwa vimefuliwa kutoka kwenye jembe kuukuu, na niliijua kazi ya mkono wako kwa jinsi unavyokunja kona. Kimoja kifupi. Kingine kirefu, kimepindishwa kwenda mbele, na mwishoni umekizungushia ngozi laini. Nikamuuliza Bhoke hivi vilikuwa wapi. Akainua mwiko akaonyesha juu ya kichwa chake mwenyewe. "Hapa. Vilikuja mwisho, wiki ile alipoanza kuumwa."

Nikavijaribu kwenye injini, vikakataa. Nikavijaribu mbele, vikakataa. Nilikuwa karibu kuvitupa. Halafu nikaona matundu mapya uliyotoboa kwenye fremu, nyuma ya kiti, huku na huku. Vikaingia taratibu. Vilikuwa vya kukanyagia, vya abiria. Na ile pikipiki haina abiria, Marwa, imetengenezwa kwa mtu mmoja na kiburi chake. Nikarudi nyuma nikatazama. Nani katika nchi hii anakanyaga mguu wa kulia kawaida, na wa kushoto umenyooka mbele kabisa, kwenye ngozi ili usiumie?

Nilimtazama Bhoke. Bhoke alitazama ule mguu wake. Akajiinua, akatoka akichechemea hadi nyuma ya nyumba, pale tulipokuzika, akakaa huko mpaka jua likapungua ukali. Sikumfuata. Nililia na mimi, safari hii wewe tu, gunia halimo.

Mbona hukumwambia? Hata mimi hukuniambia, ukaniacha nikuite mzee aliyechanganyikiwa. Nadhani uliogopa isiwake. Uliogopa umwambie "nitakupeleka kwa Mwita" halafu injini ikushinde, na yeye aumie mara mbili. Nakufahamu, wewe kila kitu ulitaka kukionyesha kikiwa tayari. Lakini ungemwambia, mura. Maneno mawili tu. Mwanamke amekaa chini ya safari yake mwaka mzima akidhani ni takataka! Nilikasirika kweli siku ile. Nilikukasirikia kuliko nilivyojikasirikia mimi kwa ajili ya gunia.

Petroli nilikwenda kuiomba kwa katibu kata. Akauliza ni ya shughuli gani, nikasema kumpeleka mgonjwa wa mguu. Akauliza hospitali ipi. Siwezi kusema uongo nikiwa nimekaa, kwa hiyo nikamwambia ukweli. Akazungusha kalamu yake, akasema wewe Marwa ndiwe uliyemsagia unga wake mwaka wa njaa, akaandika kibali. Mke wangu akashona kiti cha gunia, akakijaza sufi, akanitazama nikikifunga nyuma ya kile cha tako moja. "Ukimwangusha shemeji usirudi hapa," akaniambia.

Bhoke alitoka ndani amevaa suruali yako. Ile ya kaki yenye kiraka gotini. Ameifunga kanga juu yake, amepanda kiume, mguu wa kulia kwenye chuma kifupi, wa kushoto kwenye ngozi. Ulikaa sawasawa, Marwa. Ulimpima lini? Usingizini? Majirani wote walikuwa nje. Kaka zako walisimama wamefunga mikono, wanasubiri niaibike. Nikapiga kiki mara nane. Ya tisa ikakohoa, ikakamata, na moshi ukawafunika wote. Wankuru angekuwepo angepiga vigelegele hadi Kenya isikie, lakini wa kijiji walitosha.

"Ukiniangusha, yule wa vyuma atafufuka akuchape," Bhoke aliniambia sikioni. Tukapita kando ya kaburi lako na nikaikoromesha kidogo. Sijui kama ulisikia.

Mimi si dereva wa mawe. Ulijua hilo. Jiwe la kwanza tu nikashusha mguu. "Moja!" akasema Bhoke nyuma yangu kwa sauti. Nikashangaa, nikamuuliza anajua wapi habari za kuhesabu miguu. Akasema ulimchosha nazo tangu mkiwa wachumba. Basi akahesabu kilima kizima. Kwenye mizizi, mbili na tatu. Kwenye kijito, nne, na tano kwa sababu kiatu kilibaki kwenye matope. Lile bamba la jiwe chini ya boma lenu, lenye utelezi, nililiona nikasimama. Nikamwambia ateremke, nipitishe chombo kwanza. Akakataa. "Siteremki mpaka nifike." Nikaweka gia ya chini kabisa, nikaiacha itambae kama ulivyosema itambae, nimeshusha miguu yote miwili nachechemea nayo kama bata, jasho hadi kwenye macho. Sita, saba, nane, akawa anahesabu huku anacheka. Kumi na moja. Tukawa juu.

Boma lenu limemezwa na majani. Minyaa ya ua imekuwa mirefu, ghala limelala ubavu. Lakini mafiga yake matatu bado yamekaa mahali pake, hakuna aliyeyagusa. Nikamshusha. Akaenda mwenyewe kwa fimbo, polepole, moja kwa moja hadi kwa Mwita, hakuuliza njia. Akaketi chini, ule mguu ameunyoosha mbele, akang'oa majani yote kwa mkono, hata yaliyo madogo kabisa. Mimi nikageuka nikajifanya nakaza nati.

Alipomaliza aliweka kiganja juu ya udongo. Nikamsikia anasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na aliye ndani ya nyumba, "Mwita, baba yako ndiye amenileta." Halafu akasema, "Marwa. Nimefika."

Ni mara ya kwanza kukutaja jina tangu ufe. Ndiyo habari niliyotaka kukupa, na ndiyo sababu nimechana kurasa hizi zote kutoka kwenye daftari la shule la mwanangu.

Pikipiki inalala jikoni kwake sasa, kuku hawaruhusiwi. Kaka zako wanaipangusa vumbi wakidhani siwaoni. Zile nyaya nilizokata bado zinaning'inia darini katikati ya mbegu, nilitaka kuziondoa akanizuia kwa mwiko. Na vile vyuma viwili sitavifungua kamwe, hata nikitakiwa kuuza kila kilichobaki kwenye pikipiki hii.

Basi, Marwa, pumzika. Usinune huko uliko, mmoja wetu akinuna anatosha. Kila baada ya mavuno, nikiwa na pumzi na yeye akiwa na nia, nitampandisha. Safari hii nilishusha mguu mara kumi na moja. Mwakani nitapunguza. Na mwaka nitakaofika juu bila kugusa chini hata mara moja, nitazima injini palepale penye mafiga, nikae kimya, nimwachie Bhoke akuambie mwenyewe hesabu yake.

Wako mwenye kununa,
Hamisi, fundi baiskeli